Maswali ya Wasomaji: Askari Aliyevua Magwanda Akashika Kalamu

Tangu tuchapishe habari ya kifo cha Joseph Wambaugh, sajenti wa upelelezi wa Los Angeles aliyegeuka mtunzi wa riwaya na skripti, barua zinazidi kuja. Wambaugh alifariki tarehe 28 Februari 2025 akiwa na miaka 88. Nyingi zimetoka kwa askari wastaafu, nyingine kwa vijana wanaoandika tamthilia za upelelezi. Zile zinazouliza jambo moja tumezijibu pamoja.

Ilikuwaje askari wa doria akawa mwandishi mkubwa? Aliacha kazi kwanza ndipo akaandika? – Mwanafunzi, Dodoma

Hakuacha. Hilo ndilo la kushika kabla ya mengine. Wambaugh alizaliwa mwaka 1937 huko East Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, baba yake akiwa polisi. Akiwa na miaka 17 alijiunga na Marines, kikosi cha wanamaji cha jeshi la Marekani, na mwaka 1960 akaajiriwa na polisi wa jiji la Los Angeles. Alitembea doria, akasoma chuo kikuu hadi shahada ya uzamili, akapanda mpaka sajenti wa upelelezi. Hadithi fupi alizoanza nazo zilikataliwa, ila mhariri mmoja alimshauri ageukie riwaya.

Riwaya hiyo, The New Centurions, ilitoka mwaka 1971. Inawafuata vijana watatu walioajiriwa pamoja, mwaka hadi mwaka, kuanzia chuo cha polisi mwaka 1960 mpaka ghasia za Agosti 1965 katika mtaa wa Watts jijini humo, ambamo watu 34 walikufa. Hakuna muuaji mmoja anayesakwa tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kinachokisogeza kitabu ni jinsi vijana wale wanavyobadilika: mmoja anavyozoea maiti, mwingine anavyoanza kuogopa kurudi nyumbani. Wambaugh alilisema wazi jambo hili maisha yake yote, kwamba shauku yake haikuwa jinsi polisi anavyoifanya kazi, bali kazi inavyomfanya polisi. Ukilielewa hilo, nusu ya maswali mliyotuletea yamejibika.

Aliendelea na zamu zake hadi mwaka 1974, akiwa tayari na vitabu vitatu mitaani na tamthilia kwenye runinga. Kilichomtoa ni umaarufu. Watuhumiwa wenye pingu mikononi walikuwa wakimwomba saini yake, na mpelelezi anayetazamwa kama nyota hapati tena maelezo ya kweli kutoka kwa mtu yeyote.

Nimestaafu nikiwa mkaguzi, miaka 27 kazini, mingi katika upelelezi. Nimeandika kurasa 80 za kisa nilichokisimamia. Binti yangu anasema zinasomeka kama ripoti. Nifanye nini? – Mstaafu, Morogoro

Afande, binti yako kasema kweli, na tatizo hilo wanalo karibu askari wote wanaoanza kuandika. Miaka 27 umefundishwa kuandika kwa ajili ya mwendesha mashtaka. Taarifa nzuri ya polisi hujibu nani, nini, lini na wapi, kisha humwondoa kabisa askari aliyeiandika: hana njaa, hana hofu, hana maoni. Msomaji wa riwaya anamtafuta huyohuyo uliyemwondoa.

Tazama taarifa hii tuliyoitunga kwa mfano:

*Mnamo tarehe 14 majira ya saa 2:30 usiku huko maeneo ya stendi ya zamani, askari wakiwa doria walimkamata mtu mmoja mwanamume, umri miaka 19, akiwa na simu tatu zidhaniwazo kuwa za wizi. Mtuhumiwa alipohojiwa alikiri kosa.*

Sasa tukio hilohilo:

*Kijana aliziweka simu juu ya kaunta moja baada ya nyingine. Ya tatu ilikuwa inaita. Kwenye kioo paliandikwa "Mama". Koplo aliitazama mpaka ikanyamaza. Ikaita tena.*

*"Pokea," sajenti alisema.*

*"Nimwambie nini, afande?"*

*Sajenti aliendelea kuandika. Zamu yao ilikwisha saa kumi na mbili, na aliyetakiwa kuwapokea hajaonekana.*

Ona kilichofanyika. Tarehe imeondoka, na hakuna aliyeikosa. Neno "alikiri" limeondoka, kwa sababu lilikuwa linafunga mlango kabla msomaji hajaingia. Simu, ambazo katika taarifa ni vielelezo tu, sasa zina mwenyewe na mama wa mwenyewe. Na koplo, ambaye kwenye taarifa hakuwepo, ana jambo la kuamua.

Zirudie kurasa zako 80 hivi. Chukua tukio moja tu, lisizidi nusu ukurasa wa taarifa. Pembeni yake orodhesha yote ambayo yasingeweza kuingia kwenye jalada: harufu ya chumba, ulichokuwa umekula, nani kati yenu alikuwa na ugomvi na nani, ulichomficha mkeo uliporudi nyumbani. Kisha liandike upya kwa kurasa mbili au tatu, kupitia macho ya mtu mmoja tu. Ukihama kutoka kichwa cha mpelelezi kwenda kichwa cha mtuhumiwa ndani ya tukio hilohilo, mvutano unakatika, maana msomaji tayari anajua nani anadanganya. Ukimaliza, soma kwa sauti. Palipo na "zidhaniwazo", "aliyefahamika kwa jina la" au "majira ya", futa.

Kuhusu utaratibu wa kazi kuna kosa jingine linalofanana na hilo. Wastaafu hupenda kueleza kila hatua, tangu RB (namba ya taarifa kituoni) ilipofunguliwa, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ilipotolewa, mpaka kielelezo kilivyofungwa, kikatiwa saini na kukabidhiwa. Hatua zilizokwenda sawa zipite kwa sentensi moja. Simama pale ilipoharibika: bahasha iliyosainiwa na askari ambaye siku hiyo hakuwa zamu, kisha miezi minane baadaye wakili wa utetezi anamuuliza kuhusu saini ile mbele ya hakimu. Hapo ndipo ujuzi wako unapompita mwandishi yeyote wa mezani, kwa kuwa yeye hata hajui kwamba bahasha inaweza kuangusha kesi. Maneno ya kazi kama jalada, lindo, mahabusu na maelezo ya onyo yabaki; yanampa msomaji hisia ya kuwa ndani. Sharti ni kwamba sentensi yenyewe imfahamishe maana bila wewe kusimama kumfundisha.

Muda wa kesi nao usiuogope. Kesi halisi huahirishwa mara nyingi kwa maneno "upelelezi haujakamilika", na waandishi wengi huyaona kama kero inayochosha hadithi. Yatumie kuruka. Mstari mmoja wa hakimu akitaja tarehe nyingine, aya inayofuata mtoto wa marehemu ameshaanza shule.

Na kipimo cha kazi: riwaya ya upelelezi ya kawaida ina maneno kati ya 60,000 na 90,000. Ukiandika maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 30 utakuwa na 75,000. Usirudi nyuma kusahihisha mpaka rasimu ya kwanza iishe, kwani wapelelezi hutaka kila kitu kithibitike kabla ya kusonga mbele, na sura ya kwanza hugeuka kaburi la kitabu kizima.

Bado niko kazini. Nikibadilisha majina tu, niko salama? – Koplo, jina tumelihifadhi

La. Kubadilisha majina peke yake hakumfichi mtu yeyote. Mji wenye kituo kimoja, mauaji ya mwaka fulani, marehemu mwenye duka la vipuri: jirani atajua bila jina. Badilisha angalau mambo manne kwa pamoja, yaani mahali, mwaka, umri au jinsia, na kazi ya mhusika, halafu unganisha visa viwili au vitatu kuwa kimoja. Kipimo chetu ni hiki: je, ndugu wa marehemu akisoma atajua ni wao? Kama ndiyo, rudi mezani.

Yapo mambo ambayo hata ukiyabadilisha hayaandikwi. La kwanza ni mtoa habari. Kwa kitu kidogo tu anaweza kutambuliwa na watu ambao hawasahau, kwa hiyo buni mtu mpya kabisa asiye na chembe ya yule wa kweli. La pili ni kesi iliyo mahakamani au ambayo rufaa yake haijaisha. La tatu ni utambulisho wa waathirika wa makosa ya kujamiiana na wa watoto, unaolindwa kisheria. La nne ni mbinu za kazi zinazotumika sasa. Wasomaji hawahitaji kujua simu inafuatiliwaje hasa. Wanahitaji kuona uso wa anayesubiri majibu.

Kwa sheria, Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 na Kenya ina Sheria ya Siri za Serikali. Wajibu wa kutunza siri hauishi siku unaporudisha sare, kwa hiyo na wastaafu mnahusika. Wewe uliye kazini omba kibali kwa maandishi, ubaki na nakala, na umpe wakili rasimu aisome kabla ya mchapishaji. Usiandikie kwenye kompyuta ya ofisi, na usibebe nakala ya jalada kwenda nalo nyumbani hata kwa usiku mmoja. Kumbukumbu yako inatosha, na ni salama zaidi kwa sababu imeshasahau majina.

Kuna kisa cha California ambacho kila mwandishi wa aina hii akijue. John Orr, mchunguzi wa moto na nahodha wa zimamoto wa mji wa Glendale, aliandika riwaya kuhusu mzimamoto anayechoma majengo kwa siri. Matukio ya mswada wake yalifanana mno na moto halisi uliokuwa ukichunguzwa. Mswada ukatumika kama ushahidi dhidi yake, na alihukumiwa kifungo cha maisha. Wambaugh ndiye aliyekuja kuandika kitabu juu yake, mwaka 2002. Si kwamba tunakushuku, koplo. Tunachosema ni kwamba mswada ni hati kama hati nyingine, na unaweza kusomwa mahakamani.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nataka kuandika kisa cha kweli, si riwaya. Wambaugh alifanyaje? – Mombasa

Soma namna alivyoandika The Onion Field, kitabu cha mwaka 1973. Usiku wa tarehe 9 Machi 1963, askari wawili wa Los Angeles, Ian Campbell na Karl Hettinger, walisimamisha gari huko Hollywood. Mmoja wa waliokuwemo akamwekea Campbell bastola, na Hettinger akalazimika kutoa yake. Wakapelekwa hadi shamba la vitunguu karibu na Bakersfield. Campbell akauawa, Hettinger akakimbia gizani akapona.

Mwandishi wa kawaida angeishia hapo au kwenye hukumu. Wambaugh aliona kwamba kisa chenyewe kinaanzia baada ya hapo. Idara ilitoa maagizo kwamba askari asisalimishe silaha yake, na Hettinger akatakiwa awasimulie wenzake tukio lile kwenye vituo, kana kwamba ndiye kosa lenyewe. Akaanza kudokoa vitu vidogo madukani, akalazimika kujiuzulu mwaka 1966. Hakuna aliyempeleka kwa daktari wa akili kwa wakati. Hiyo ndiyo hadithi ambayo askari mwenzake aliiona na wengine hawakuiona, na tunaamini ndicho kitabu chake bora.

Kuhusu kazi yenyewe, alichukua likizo, akasoma makumi ya maelfu ya kurasa za kumbukumbu za mahakama, akawahoji makumi ya watu, wakiwemo wauaji wawili gerezani. Fuata mpangilio huo: kumbukumbu za mahakama kwanza, mahojiano baadaye. Ukianza na mahojiano, utabeba toleo la anayeongea vizuri zaidi. Tengeneza jedwali la safu tatu, yaani saa, tukio, na chanzo. Kila saa yenye vyanzo viwili vinavyopingana, izungushie wino mwekundu. Maswali yako yatatoka humo. Shahidi anayetofautiana na nyaraka si lazima awe mwongo. Muulize alikuwa amesimama wapi.

Nina riwaya ya upelelezi, mtayarishaji anataka niigeuze skripti ya tamthilia. Nianzie wapi? – Dada mwandishi, Nairobi

Anza kwa kutoa, dada. Kitabu kinaweza kukaa kurasa tano ndani ya kichwa cha mpelelezi, kamera haiwezi. Andika orodha ya matukio yote ya riwaya, kila moja kwa mstari mmoja, halafu futa kila mstari ambao mhusika anafikiri tu. Ukibakiwa na mistari 40 hadi 60, una filamu. Ukibakiwa na 20, una sehemu moja ya tamthilia.

Umbo la ukurasa lifuate kanuni: mwandiko wa Courier saizi ya 12, kila sini (tukio la mahali pamoja na wakati mmoja) na kichwa chake, kwa mfano NDANI. KAUNTA YA KITUO – USIKU. Kwa umbo hilo ukurasa mmoja hukaribia dakika moja ya picha, ndiyo maana watayarishaji wanalishikilia. Filamu huwa na kurasa 90 hadi 110, sehemu ya tamthilia ya dakika 45 karibu kurasa 45 hadi 50.

Sini za mahojiano ndizo zinazoharibika zaidi. Mwandishi huanza na "jina lako nani", kwa sababu mahojiano halisi huanza hivyo. Ingia wakati uongo umeshasemwa, toka kabla ya jibu la mwisho. Kurasa tatu zinatosha. Mpe mpelelezi kitu cha kufanya kwa mikono, na asijue kila kitu. Askari anayejua yote tangu mwanzo ni hakimu aliyevaa sare. Punguza risasi pia. Polisi wengi humaliza miaka mingi bila kufyatua hata moja, na bastola ikitoka mara moja tu katika sehemu nane, watazamaji watashtuka kweli.

Fikiria gharama unapoandika. Usiku wa nje, magari yanayofukuzana na umati vinameza bajeti, wakati chumba chenye meza, viti vitatu na taa mbovu ni rahisi na kinaonyesha mengi. Sare za polisi hazivaliwi kiholela, kwa hiyo mtayarishaji aombe kibali mapema.

Kuhusu muundo, tamthilia ya Police Story ambayo Wambaugh aliibuni, iliyoonyeshwa na televisheni ya NBC ya Marekani kuanzia mwaka 1973, ilikuwa na askari tofauti karibu kila wiki na kisa kinachojitosheleza. Kwa anayeanza, tunaupendekeza muundo huo kuliko hadithi ndefu ya sehemu 60. Sehemu moja ikidhoofika, haiangushi nyingine.

Mtayarishaji amenipa mkataba wa ukurasa mmoja. Nisaini? – Mwanza

Usisaini bado. Wambaugh aliichukia filamu iliyotengenezwa mwaka 1977 kutokana na riwaya yake The Choirboys kiasi cha kwenda mahakamani ili jina lake liondolewe. Baada ya hapo aliandika mwenyewe skripti za The Onion Field ya mwaka 1979 na The Black Marble ya mwaka 1980, akatafuta fedha nje ya studio kubwa ili asiingiliwe. Hii ya pili ilimpatia Edgar, tuzo ya waandishi wa hadithi za uhalifu wa Marekani, ya skripti bora.

Wewe huna fedha za kutengeneza filamu, lakini una saini. Kwanza tenganisha kushikilia na kununua. Mtayarishaji anaweza kukulipa kiasi kidogo ili kitabu kisiende kwa mwingine kwa miezi 12 au 18. Muda ukiisha bila kamera kuwaka, haki zinarudi kwako. Mkataba usiotaja tarehe ya mwisho unakifunga kitabu milele. Kisha uandikwe kiasi cha ununuzi na siku ya kulipwa (siku ya kwanza ya kupiga picha ni desturi nzuri, maana "baada ya mauzo" haina kalenda), jina lako litakavyoonekana, haki ya kuliondoa, na nani anamiliki wahusika kwa msimu wa pili. Kabla ya yote sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO, ile ya Kenya, kwa walio huko.

Sijawahi kuwa polisi. Je, mlango umefungwa kwangu? – Kijana, Kigoma

Haujafungwa. Hata Wambaugh, alipokaa nje ya jeshi la polisi miaka mingi, hakutegemea tena kumbukumbu zake. Alikuwa akiwaalika askari wachache wachache kwa chakula na vinywaji, akawaacha wasimuliane, na riwaya zake za Hollywood zilizoanza kutoka mwaka 2006 zimetokana na meza hizo. Njia nyingine ni kuungana: tamthilia ya The Wire ya mwaka 2002 ilitokana na ushirikiano wa David Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari wa Baltimore, na Ed Burns, aliyekuwa mpelelezi wa mji huohuo na baadaye mwalimu.

Tafuta wastaafu, si walio kazini. Waalike wawili au watatu pamoja, kwa sababu akiwa peke yake askari hutoa taarifa, na wakiwa watatu hurekebishana, na katika kurekebishana ndimo mambo hutoka. Usiulize "kesi yako kubwa ni ipi". Uliza zamu ya usiku mnakula nini, nani mnamwogopa kituoni, nani huenda kutoa habari ya msiba nyumbani kwa watu na husimama wapi mlango unapofunguliwa. Weka daftari mfukoni mpaka watakapokuzoea, usirekodi bila ruhusa, na andika yote usiku huohuo kabla hujalala. Ukimaliza rasimu mpelekee mmoja wao, umwombe akuonyeshe mahali ambapo askari asingesema hivyo. Mstari atakaouweka alama, ubadilishe hata kama ndio uliokuwa ukiupenda.